Aliyeirusha Uhuru kutoka Ngomeni

Wasomaji wangu wataniwia radhi leo kwa kuanzia nyumbani kwangu kabla ya kufika kwa mtu ninayekusudia kuyaeleza maisha yake. Sababu itaonekana baadaye.

Kijana wangu wa mwisho ameajiriwa katika chumba kimoja cha ghorofani pale River Road, miongoni mwa vile vyumba vinavyotengenezewa filamu za bei nafuu ambazo wenyeji wa jiji wamezibandika jina la Riverwood. Siku za Jumapili kazi huwa haba. Basi yeye na wenzake wamezoea kutundika shuka kubwa jeupe kutoka ukuta hadi ukuta, kukodi projekta, na kuwakaribisha watu na aila zao watazame picha kwa kiingilio kidogo. Sinema za karibu na hapo tulizokuwa tukizijua sisi wa umri wangu, Odeon na Embassy, zilikwisha kuacha kuonyesha filamu, na Shan ya Ngara imegeuka ukumbi wa wanasarakasi. Kwa hivyo shuka lile ndilo skrini kubwa ya wanyonge.

Jumapili moja ya hivi majuzi nilipanda matatu kutoka Kangemi pamoja na mke wangu na wajukuu wetu watatu, tukateremka mjini, tukajipenyeza katikati ya mikokoteni na wapiga debe mpaka tukazifikia ngazi za ghorofa ile. Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya makala, nayo ilihusu safari za anga za juu: Warusi na mbwa wao, Waamerika na mwezi wao, na vyombo visivyo na watu vilivyotumwa hadi kwenye sayari za mbali. Honi za matatu zilikuwa zikipenya madirishani kila mara, lakini roketi ilipoanza kunguruma ukumbi wote ulinyamaza.

Hapo ndipo mke wangu aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba yeye alipata kuona kitu kama kile kikipaa kutoka baharini, kwao, alipokuwa msichana mdogo. Mjukuu wetu mkubwa, ambaye yumo kidato cha tatu na anajiona amehitimu, aligeuka akacheka. Wadogo zake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Watu wawili watatu nyuma yetu, ambao hatuwajui, nao wakacheka. Mke wangu akaifunga upya leso yake na kunyamaza mpaka mwisho wa filamu.

Nami sikumtetea. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa ndilo lililonishikisha kalamu. Katika miaka zaidi ya arobaini ya ndoa yetu amenisimulia habari ile labda mara tatu, na kila mara niliitikia kwa kichwa kama aitikiavyo mtu mzima anaposimuliwa ndoto na mtoto. Nilidhani aliona kimondo. Yeye alishikilia kuwa ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, siku ya sikukuu, na kwamba baba yake na wavuvi wenzake hawakuingia baharini siku ile kwa kuwa walikuwa wameonywa wakae mbali. Nilizisikia habari hizo zote, wala sikujishughulisha kuuliza zimetoka wapi.

Mke wangu ni mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana. Usiku ule, aila ilipokwisha kulala, nilianza kutafuta. Na niliyemkuta huko ni Mwitaliano mmoja, profesa, aitwaye Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa mwezi wa Novemba 1911 huko Mestre, mji wa bara unaokabiliana na visiwa vya Venice. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, akawa afisa mhandisi katika jeshi la anga la nchi yake, na baadaye akapanda vyeo hadi kuwa jenerali. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo kikuu kile kutoka kwa mwalimu mashuhuri, Gaetano Arturo Crocco, ambaye alikuwa akifikiria habari za roketi na safari za angani tangu zamani, wakati wengi waliziona kuwa ngano.

Italia ya wakati ule haikuwa nchi ya kutazamiwa angani. Ilikuwa imetoka vitani imeshindwa, miji yake imebomoka, na watu wake kwa maelfu walikuwa wakihamia Ubelgiji na Amerika kutafuta vibarua. Lakini Broglio alikuwa mtu wa hesabu na wa subira, na nadhani pia alikuwa na ile busara ya maskini ya kutopigania kitu ambacho tajiri atakushinda tu. Hakujaribu kuunda roketi kubwa. Katika mwaka 1956 alihusika katika kuanzisha uwanja wa majaribio ya roketi huko Salto di Quirra katika kisiwa cha Sardinia, na mnamo Januari 1961 roketi ndogo zilirushwa kutoka hapo, zikaachilia mawingu ya sodiamu angani ili wataalamu waone jinsi pepo za juu zinavyovuma.

Swali lililomshughulisha lilikuwa moja, na kwa mtu wa kawaida lingeonekana dogo mno: huko juu, kilomita mia mbili au mia tatu, hewa ni nzito kiasi gani? Tumezoea kuambiwa kwamba huko hakuna hewa. Kumbe ipo, chache sana, na huko kuwapo kwake ndiko kunakovifupishia maisha vyombo vinavyoizunguka dunia, maana huvikwaruza siku baada ya siku mpaka vikapunguza mwendo na kuanguka. Ili kuupima uzito huo Broglio alibuni chombo ambacho wataalamu wamekipa jina lake, mizani ya Broglio. Setilaiti ilitengenezwa kama mpira mmoja ndani ya mwingine, gamba la nje likashikizwa kwa springi kwenye mwili wa ndani. Hewa ilipolisukuma gamba, hata kwa msukumo mdogo kuliko wa pumzi ya mtoto aliyelala, springi zilijikunja na kipimo kikaandikwa. Mimi si mtaalamu wa mambo haya, lakini nimeufurahia ujanja huo kama vile ninavyofurahia kufuli lililotengenezwa vizuri.

Mwaka 1961 aliupeleka mpango wake kwa Waziri Mkuu Amintore Fanfani, ukakubaliwa. Mwaka uliofuata Italia ilitia sahihi mapatano na Waamerika: wao watatoa roketi zao ziitwazo Scout na kuwafundisha Waitaliano jinsi ya kuzirusha, Waitaliano wataunda setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa tarehe 15 Desemba 1964 kutoka kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia, na walioirusha walikuwa Waitaliano wenyewe. Jina San Marco ni la mtakatifu mlinzi wa Venice. Hivyo mtoto wa Mestre alimpeleka angani mtakatifu wa kwao.

Virginia hata hivyo ilikuwa mahali pa mazoezi tu. Broglio alitaka ikweta.

Hapa msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa jambo hili ndilo lililomfikisha kwetu. Dunia hujizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta huwa anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, pasipo yeye kuhisi lolote. Roketi inayorushwa kutoka hapo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, kama abiria anayeruka kutoka katika gari linalokwenda. Jambo la pili ni kwamba mashariki ya mahali pa kurushia ni lazima pawe wazi, kwa kuwa vipande vya roketi hudondoka njiani, na haifai vidondoke juu ya mapaa ya watu. Sasa chukua ramani, ufuate ikweta, utafute pwani inayotazama mashariki, yenye bahari kuu mbele yake na maji yasiyo na kina kirefu karibu na ufuo. Kidole chako kitasimama Ngomeni, nyuzi tatu hivi kusini ya ikweta.

Wala hakujenga juu ya nchi kavu. Alileta majukwaa mawili ya chuma na kuyasimamisha kwa miguu yao ndani ya bahari. Moja liliitwa Santa Rita. Lilikuwa limetengenezwa kwa kazi ya kuchimba mafuta, likafika wakati Kenya ilikuwa na uhuru mchanga kabisa, na roketi ndogo za majaribio zilirushwa kutoka juu yake mwaka 1964. La pili, San Marco lenyewe, lilifuata, likawa ndilo la kurushia, na Santa Rita likabaki la kuongozea. Nyaya zilipitishwa chini ya maji kutoka moja hadi jingine. Kwa Wakatoliki, Santa Rita ni mtakatifu anayeombwa katika mambo yasiyowezekana.

Tarehe 26 Aprili 1967 roketi aina ya Scout iliondoka Ngomeni ikiwa imebeba San Marco 2. Haikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka bara la Afrika, kwani Wafaransa walikuwa wamewatangulia katika jangwa la Algeria mwaka 1965. Lakini hakuna aliyekuwa amepata kufanya kazi hiyo kutoka juu ya jukwaa lililosimama baharini kwenye ikweta. Mizani ikafanya kazi yake.

Nikafika mwaka 1970, na nilipofika hapo niliyavua macho miwani nikamtazama mke wangu aliyelala.

Waamerika walikuwa na setilaiti ndogo, ya kilo 140 hivi, iliyoundwa kutazama nyota kwa miali ya eksirei. Miali hiyo haifiki ardhini, huzuiwa na hewa, hivyo anayetaka kuiona budi atoke nje ya hewa. Mtaalamu mkuu wa kazi hiyo alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Amerika. Setilaiti yao ilihitaji kuzunguka sawasawa na ikweta, kwa kuwa upande wa Brazili na bahari iliyo mashariki yake kuna eneo ambalo mnururisho mkali huteremka karibu na dunia na kuvitatiza vipimo. Kurusha kutoka Amerika hadi kwenye njia hiyo ni kuipoteza nguvu ya roketi. Kurusha kutoka Ngomeni ni kama kufungua mlango na kutoka. Waamerika wakamwendea Broglio. Wao waliokuwa wamemfundisha sasa walikuwa wateja wake, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa setilaiti yao kurushwa na watu wa taifa jingine.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka saba tangu kujitawala. Saa ilikuwa inakaribia nane mchana. Bi Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa Waamerika, aliipa setilaiti ile jina la Kiswahili, Uhuru, ili kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao.

Mchana. Siku ya sikukuu. Baada ya adhuhuri. Mke wangu alikuwa na umri wa miaka minane.

Huenda kuna wasomaji watakaosema kuwa kurusha si kugundua, na kwamba sifa ya yaliyofuata ni ya Giacconi. Sawa. Kabla ya Uhuru, nyota na vyanzo vingine vya eksirei vilivyokuwa vikijulikana havikuzidi dazeni chache, na vilikuwa vimechunguliwa kwa dakika chache tu kutoka kwenye roketi zilizopanda na kushuka. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimojawapo, kilicho katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, kilibadilikabadilika kwa haraka mno, na uchunguzi uliofuata uliwaonyesha wanafalaki kwamba pale pana kitu kizito kisichoonekana, ambacho leo wengi wao wanakikubali kuwa shimo jeusi. Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Broglio hakuwapo kuishuhudia siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, 2001, mjini Roma.

Maisha yake baada ya Uhuru nitayapita upesi. Kutoka Ngomeni zilirushwa setilaiti tisa kwa jumla, zikiwamo za Waamerika na moja ya Waingereza, Ariel 5, mwaka 1974. Ya mwisho ilikuwa ya familia ya San Marco, tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yakakaa kimya. Roketi za Scout zenyewe ziliachwa mwaka 1994, na Ulaya ilikuwa na uwanja wake mkubwa huko Guyana ya Wafaransa. Kituo cha nchi kavu kikaendelea kuzungumza na setilaiti zinazopita juu, nacho leo kinaitwa kwa jina la Broglio. Kwao Italia anahesabiwa kuwa baba wa safari za anga za taifa lake, na kuna jiwe linalozunguka jua lililopewa jina lake.

Na kwetu? Katika yote niliyoyasoma, Mkenya anatokea kama mwenyeji mkarimu. Anashukuriwa, setilaiti inapewa neno la lugha yake, kisha haonekani tena. Simlaumu Broglio peke yake kwa hilo. Alikuja kupima hewa, akaipima. Mkarimu naye angeweza kuuliza mgeni anafanya nini uani. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu anamjua Gagarin, anamjua Armstrong, anajua hata jina la yule mbwa. Hakuna mwalimu, gazeti, wala babu aliyemwambia kwamba shimo jeusi analolisoma vitabuni lilianza kutambulikana kwa chombo kilichopaa mbele ya macho ya nyanya yake. Kati ya hao watatu, babu ndiye aliyekuwa akilala kitanda kimoja na shahidi.

Jambo jingine lilinichoma zaidi. Mwaka 2018 vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kutoka River Road unakifikia kwa miguu, walitoa setilaiti yao ndogo, 1KUNS-PF, kwa kushirikiana na chuo kikuu kilekile cha Roma alikofundisha Broglio. Iliachiliwa kutoka kwenye kituo cha kimataifa cha angani. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, nayo ilirushwa kutoka California. Setilaiti yenye jina letu na ya kwetu imerushwa kutoka Amerika, ilhali ya Waamerika yenye jina letu ilirushwa kutoka kwetu. Majukwaa yangali yamesimama majini pale Ngomeni, yakila kutu. Najua gharama si mchezo, na ninawasikia wanaouliza kwa nini tuzungumzie roketi ilhali Kangemi maji ya mfereji huja kwa zamu. Lakini Italia ya 1961 nayo ilikuwa na maswali ya namna hiyo, na Fanfani alitia sahihi.

Siku ya pili yake niliwaketisha wajukuu sebuleni na kuwasomea niliyoyaandika kwenye daftari. Yule mkubwa aliomba kuuona mwaka kwa macho yake, akahesabu kwa vidole umri wa nyanya yake, kisha akaenda jikoni. Sikusikia alichomwambia huko. Nilisikia tu sufuria zikinyamaza kwa muda.

Nami pia nilikuwa na deni langu la kuomba radhi, nikalilipa jioni, bila maneno mengi. Mke wangu hakuonekana kushangazwa na tarehe wala na jina la profesa. Alichotaka kujua ni iwapo kile kitu bado kiko juu. Nilimweleza kwamba kilirudi hewani na kuungua mwaka 1979, kwa sababu ileile ya hewa chache aliyokuwa akiipima Broglio. Alifikiri kidogo, akauliza kama kilianguka upande wa kwao. Sikuwa na jibu.

Desemba hii, Mungu akipenda, tutapanda basi la usiku kutoka karibu na River Road hadi Mombasa, na kutoka hapo tuendelee Malindi na Ngomeni, sisi na wajukuu wote watatu. Kijana wangu ameahidi kuja na kamera. Ubishi uliobaki nyumbani ni kuhusu nani atakaa dirishani upande wa bahari baada ya Mombasa, na mjukuu mkubwa ameshamwachia nyanya yake kiti hicho.